Maji ya Sinki Unaponyoa Ndevu: Hatua kwa Hatua

Ukinyoa na ngozi ikabaki inawaka, wa kwanza kulaumiwa huwa wembe. Mtu hununua mwingine mkali zaidi, na wiki inayofuata shingo ni ileile, inawasha na imejaa vipele. Mara nyingi kilichokosekana ni maji. Ndevu zilikatwa kabla hazijalowa, au sabuni ilipigwa kwa maji machache, au wembe ulikuwa umejaa nywele na bado ukakokotwa usoni. Mwongozo huu ni wa kunyoa kwa sabuni na wembe mbele ya sinki, na unahusu maji peke yake: ya joto gani, kiasi gani, yaende wapi na wakati gani.

Kanuni ninayoifuata ni hii: maji ya uso, maji ya povu na maji ya kusuuzia wembe ni maji matatu, na kila moja hukaa mahali pake. Yakichanganywa yanaharibiana kazi. Bomba linaloachwa wazi tangu mwanzo hadi mwisho halisaidii lolote kati ya hayo matatu, maana muda mwingi maji hupita moja kwa moja kwenda kwenye bomba la uchafu huku wewe ukitazama kioo.

Kwanza, lipime bomba lako

Chukua chupa ya lita moja, fungua bomba kama unavyolifungua siku zote unaponyoa, kisha hesabu sekunde hadi chupa ijae. Ikijaa kwa sekunde 10, bomba linatoa lita 6 kwa dakika. Ukinyoa kwa dakika 10 bila kulifunga, umemwaga lita 60, ambazo ni ndoo tatu kubwa, kwa ajili ya uso mmoja. Marekani iliweka kikomo kwa mabomba mapya ya sinki tangu 1994, na kikomo chenyewe ni galoni 2.2 kwa dakika, yaani takriban lita 8.3; hapo unaona kwamba hata bomba lililobanwa na sheria linamwaga maji mengi. Kwa utaratibu wa hapa chini, lita 5 au 6 zinatosha kwa kila kitu, pamoja na kuosha sinki mwishoni.

Unahitaji kizibo kinachoshika maji sawasawa, kikombe kimoja kikubwa, na kichujio kidogo cha kuweka kwenye tundu la sinki. Kama sinki lako halina kizibo, bakuli la plastiki lenye ujazo wa lita 2 au 3 likikaa ndani ya sinki linafanya kazi ileile. Binafsi napenda bakuli kuliko sinki lenyewe, kwa sababu wembe ukikuponyoka hauangukii kwenye kauri ngumu.

Hatua ya 1: Safisha sinki kabla ya kulijaza

Hii watu huiruka. Sinki la bafuni hupokea dawa ya meno, mate, uchafu wa mikono na mabaki ya sabuni za jana. Ukilijaza hivyo hivyo na kuchovya wembe ndani yake, kisha ukaupitisha kwenye ngozi unayoikwangua, unaupeleka uchafu huo mahali ambapo kuna mikwaruzo midogo isiyoonekana. Lisugue kwa sabuni, lisuuze, ndipo uzibe. Dakika moja haifiki.

Hatua ya 2: Chagua joto

Maji ya vuguvugu, yenye joto kama la kuogea au kuzidi kidogo tu, ndiyo yanayofaa. Kwa kipimajoto ni karibu nyuzi 38 hadi 42 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, tumia upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kwa kuwa ngozi ya hapo ni nyepesi kuliko ya vidole na husema ukweli zaidi. Yakikufanya uondoe mkono, usiyapeleke usoni.

Kuna imani kwamba kadiri maji yanavyokuwa moto ndivyo ndevu zinavyolainika. Kuna ukweli kidogo ndani yake, kwa sababu maji ya moto huingia kwenye unywele haraka kuliko ya baridi. Lakini maji hayohayo huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha kavu na imevimba kidogo, na ngozi iliyovimba huufunika unywele pale unapotokea. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu, na hita nyingi za maji huwekwa kwenye joto hilo. Kwa hiyo fungua ya baridi kwanza, ongeza ya moto polepole, na jaribu kwa mkono kabla ya kuinamisha uso.

Kama hakuna maji ya moto, usijali sana. Maji ya baridi nayo hulainisha ndevu, ila yanachukua muda mrefu zaidi. Wapo wanaonyoa kwa maji ya baridi mwaka mzima kwa hiari yao, hasa wenye ngozi inayowasha kwa urahisi. Ongeza dakika mbili kwenye hatua inayofuata, basi.

Hatua ya 3: Lowesha ndevu, na uzipe muda

Hapa ndipo kunyoa kunapoamuliwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini. Ukiwa mkavu, viungo vinavyoshikilia protini hiyo huwa vimekaza, na unywele hukatika kwa shida. Maji yanapoingia, baadhi ya viungo hivyo hulegea. Unywele huvimba kwa takriban asilimia 15 ya unene wake, huku urefu ukibaki karibu vilevile. Unywele uliovimba ni mnene zaidi lakini ni laini zaidi, na nguvu inayohitajika kuukata hupungua sana. Wembe uleule uliokuwa ukivuta na kung'oa sasa unapita.

Tatizo ni kwamba maji hayaingii papo hapo. Kujirushia viganja viwili vya maji na kupaka sabuni mara moja kunalowesha nje ya unywele tu. Zinahitajika dakika mbili au tatu za kulowa kwelikweli. Jambo la pili ni mafuta. Uso hutoa mafuta yanayozifunika ndevu na kuyazuia maji yasiingie, kwa hiyo anza kwa kuosha uso na sabuni ya kawaida isiyo kali, halafu suuza. Usiukaushe. Kuanzia hapa hadi mwisho wa kunyoa, taulo kavu halina kazi usoni.

Sasa fanya hivi. Chovya taulo dogo katika maji ya vuguvugu, likamue kidogo lisidondoke, kisha lifunike mashavu, kidevu na shingo kwa dakika moja. Likipoa, lichovye tena na urudie. Ukimaliza, chota maji kwa kiganja kutoka kwenye kikombe na uzisugue ndevu kwa ncha za vidole kinyume na zinavyolala, ili maji yafike kwenye mashina. Wenye ndevu zinazojikunja wasiharakishe kabisa hapa. Msuguo huu wa vidole huinua nywele zilizolala karibu na ngozi, zile ambazo baadaye hugeuka na kuota ndani, na kuacha vipele vigumu vya shingoni na kwenye taya.

Anayeoga kwanza ameshamaliza hatua hii bila kujua. Kunyoa mara baada ya kuoga ndiyo njia rahisi kuliko zote, na inaokoa maji ya taulo. Muhimu ni kutoka bafuni na kuja kwenye sinki uso ukiwa bado umelowa; dakika kumi za kuvaa na kutafuta simu zinatosha kuzikausha ndevu tena.

Hatua ya 4: Maji ndani ya povu

Hapa yanaanza maji ya pili, na kiasi chake hupimwa kwa kijiko cha chai.

Kama unatumia brashi na sabuni ngumu ya kunyolea, weka kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu juu ya sabuni tangu unapoanza kulowesha ndevu. Juu ya sabuni patalainika wakati unashughulika na taulo. Brashi nayo loweka katika kikombe kwa wakati huohuo. Za nywele za nguruwe hunywa maji na zinahitaji dakika tatu hadi tano. Za nyuzi za plastiki hazinywi, zichovye tu na kuzitoa. Maji ya kulowekea yasiwe ya moto kupita kiasi, maana joto huzikausha nywele na kulegeza gundi inayozishika kwenye kishikio.

Toa brashi, iache idondoke, kisha ipungie mara mbili ndani ya sinki. Ibaki na unyevu lakini isitiririke. Zungusha juu ya sabuni kwa sekunde 20 hadi 30. Kitakachokusanyika kwenye brashi kwanza ni uji mzito unaonata, na watu wengi hukosea hapo: wanaona kitu cheupe, wanafikiri povu limeshakuwa tayari, wanaupaka na kuanza kunyoa. Huo bado ni sabuni iliyolowa. Ukinyolea huo, wembe unakwama na uso unakauka katikati ya kazi.

Hamishia brashi usoni au kwenye bakuli la povu, izungushe, na uanze kuongeza maji. Chovya ncha tu za brashi, au dondosha nusu kijiko, kisha zungusha kwa sekunde 10 kabla ya kuongeza tena. Mara mbili au tatu kwa kawaida zinatosha, ingawa sabuni zinatofautiana na baadhi hutaka nyingi zaidi. Tazama uso wa povu. Likiwa halina mng'ao, likivutika kwa nyuzi na kuacha mabaka makavu kwenye ngozi, linataka maji. Likiwa na mapovu makubwa yanayopasuka na linatiririka shingoni, maji yamezidi. Rudisha brashi kwenye sabuni kwa sekunde chache. Lililo sawa linang'aa, mapovu yake hayaonekani kwa macho, na ukivuta brashi linasimama kwa ncha inayojikunja. Lisugue kati ya vidole viwili: vinapaswa kuteleza bila kugusana.

Ukinilazimisha kuchagua upande wa kukosea, nitachagua maji yaliyozidi kidogo. Povu jepesi bado linatelezesha wembe. Povu kavu lina unene wa kupendeza kwenye kioo, lakini haliulindi uso.

Watumiaji wa povu la kopo hawaruki hatua hii kabisa. Povu hilo limeshapangiwa maji yake kiwandani, ila ngozi iliyo chini yake haijapangiwa. Pakaa kwenye uso unaodondoka, lisugue kwa vidole vilivyolowa, na liache dakika moja. Jeli nayo ni hivyo hivyo; ukiipaka kwenye uso mkavu inabaki juu ya ndevu bila kuzifikia.

Povu linapokataa: maji magumu

Kama umefuata yote na povu bado linakufa, huku sinki likibaki na utando mweupe au wa kijivu, lawama ni ya maji yenyewe. Maji magumu yana madini ya kalsiamu na magnesiamu, ambayo hushikana na sabuni na kutengeneza mabonge yasiyoyeyuka. Sehemu ya sabuni yako inaishia kupambana na madini hayo badala ya kutoa povu, na mabonge yenyewe hubaki kwenye ngozi na kuikausha.

Dawa ya kwanza ni kutumia sabuni zaidi. Zungusha brashi juu ya sabuni mara mbili ya kawaida na uanze na maji kidogo. Dawa ya pili ni kuyabadilisha maji ya povu peke yake, na hapa ndipo kutenganisha maji kunapolipa, kwa sababu povu zima linahitaji vijiko vichache tu. Kikombe kimoja cha maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi kinatosha, kwa kuwa maji ya mvua hayajapita kwenye miamba ya chokaa; maji yaliyokenekwa pia yanafaa. Kuchemsha husaidia kwa ugumu wa aina moja: ule unaotokana na bikaboneti hutua chini kama chokaa, ile ile inayoganda ndani ya birika. Chemsha, acha yapoe na yatulie, kisha chota ya juu bila kuyatikisa. Ugumu unaotokana na salfeti au kloridi hauondoki kwa kuchemsha hata uchemshe siku nzima.

Krimu na povu nyingi za kopo huvumilia maji magumu kuliko sabuni ngumu. Anayehama makazi na kuona sabuni yake aliyoizoea imegoma ghafla, aanze kwa kuangalia maji kabla ya kuitupa sabuni.

Hatua ya 5: Kunyoa, na kusuuza wembe

Jaza sinki au bakuli kwa lita 2 au 3 za maji ya vuguvugu. Haya ni maji ya wembe. Hayaendi usoni tena na hayagusi brashi. Funga bomba.

Anza na mashavu, shuka kwenye taya, halafu shingo. Kidevu na juu ya mdomo viache mwisho, kwa sababu ndevu za hapo ni nene kuliko za sehemu nyingine na zinafaidika na dakika zile za ziada chini ya povu lenye maji. Pitisha wembe kwa mikato mifupi kufuata ndevu zinavyolala. Shingoni mwelekeo hubadilika, mara nyingi hata upande wa kulia na wa kushoto haufanani, kwa hiyo papase kwanza kwa kiganja ujue.

Wembe usuuzwe kila baada ya mikato miwili au mitatu. Namna ya kuusuuza inategemea aina yake.

Wembe wenye visu viwili hadi vitano vilivyopangwa karibu karibu hujaa haraka. Povu na nywele hubanana kati ya visu, na usipozitoa, kisu cha pili na cha tatu haviigusi ngozi tena. Uzamishe kichwa chini ya maji na uutikise kulia na kushoto kwa nguvu, ukiuelekeza mgongo mbele ili maji yaingie kwa nyuma na kuzisukuma nywele zitoke kwa mbele, kulekule zilikoingilia. Zikikataa, fungua bomba kwa mkondo mwembamba kama sekunde mbili, elekeza maji nyuma ya kichwa, kisha funga. Kuugonga wembe kwenye ukingo wa sinki ni tabia ya kuacha: unaweza kuupinda mpangilio wa visu na hata kupasua kauri. Kufuta makali kwa kidole au kwa taulo ni mbaya zaidi, kwako na kwa makali.

Mashine ya chuma inayofungwa wembe mmoja wenye makali pande mbili ina faida ya maji ambayo haizungumzwi. Ukijaza upande mmoja, geuza na utumie wa pili, ndipo usuuze pande zote kwa mchovyo mmoja. Nywele zikinasa chini ya wembe, legeza kishikio nusu mzunguko ndani ya maji, tikisa, kisha kaza tena sawasawa kabla ya kurudisha usoni. Usiukaze nusu nusu. Wembe uliolegea hukata mahali usipotarajia.

Wembe wa kukunja, ule wa vinyozi, usiupeleke chini ya bomba kabisa wakati wa kunyoa. Mguso mmoja wa makali kwenye koki ya chuma unavunja kipande. Ufute kwenye kitambaa kilicholowa, mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma.

Povu likianza kukauka usoni kabla hujafika, usiendelee juu yake. Lowesha vidole katika kikombe na uvipitishe juu ya sehemu hiyo. Matone machache yanalifufua. Ndiyo maana kikombe cha maji safi kinakaa pembeni muda wote.

Hatua ya 6: Mzunguko wa pili, ikiwa unautaka

Ukimaliza uso mzima, suuza kwa viganja viwili vya maji safi ya vuguvugu kutoka kikombeni, paka povu upya lililobaki kwenye brashi, na nyoa kwa kukata kwa upande, yaani kutoka sikioni kuelekea puani au kinyume chake. Kamwe usipitishe wembe kwenye ngozi iliyosuuzwa bila povu jipya, isipokuwa kurekebisha sehemu ndogo; hapo mkono uliolowa hupapasa, hupata kibaki, na utelezi uliobaki kwenye ngozi pamoja na maji kidogo unatosha kwa mkato mmoja mwepesi.

Kunyoa kinyume na ndevu ni mzunguko wa tatu ambao wengi hawauhitaji. Mwenye ndevu za kujikunja na vipele vya mara kwa mara auache kabisa, wala asiivute ngozi ikaze sana anaponyoa. Unywele uliokatwa chini ya usawa wa ngozi ukiwa na ncha kali hurudi ndani unapoota, na hakuna maji yatakayouzuia.

Maji ya sinki kufikia hapa yatakuwa yamejaa povu na nywele. Kama yamekuwa mazito kiasi kwamba wembe unatoka mchafu kuliko ulivyoingia, yamwage na uweke lita moja mpya. Hiyo ni akiba bado, ukilinganisha na bomba lililo wazi.

Hatua ya 7: Maji ya baridi

Suuza uso kwa maji safi ya vuguvugu hadi utelezi wa sabuni uishe, hasa chini ya taya na nyuma karibu na masikio, ambako sabuni hujificha na kuwasha baadaye. Kisha malizia kwa viganja vitatu au vinne vya maji ya baridi.

Utaambiwa kwamba maji ya moto hufungua vinyweleo na ya baridi huvifunga. Vinyweleo havina misuli ya kufunguka na kufunga. Baridi inachofanya ni kuibana mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi, ndiyo maana wekundu hupungua, mwasho hutulia na mikato midogo huacha kutoa damu haraka. Sababu hiyo inatosha kuyatumia.

Mwenye shabu aitumie sasa, ngozi ikiwa bado imelowa maji ya baridi. Lowesha kipande, kipitishe taratibu palipo na mikwaruzo, acha kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha suuza. Mahali panapouma ndipo ulipobonyeza sana. Ni kipimo kizuri cha mkono wako. Halafu kausha uso kwa kugusisha taulo safi, bila kusugua, na upake mafuta au losheni ngozi ikiwa na unyevu kidogo.

Hatua ya 8: Kumalizana na wembe, brashi na sinki

Wembe usuuze kwa maji safi, si yale ya sinki. Upungie maji yatoke, na uuweke mahali penye hewa, mbali na mvuke wa kuogea. Maji yanayokaukia kwenye makali huacha chembe za chokaa na hukaribisha kutu, hata kwenye chuma kisichoshika kutu kirahisi. Lakini usitegemee kwamba kuukausha kutaufanya udumu milele. Mwaka 2020 watafiti wa MIT walichapisha katika jarida la Science uchunguzi ulioonyesha kwamba nywele zenyewe, ingawa ni laini kuliko chuma cha wembe kwa takriban mara 50, huweza kumega vipande vidogo vya makali zinapojipinda wakati wa kukatwa. Wembe ukianza kuvuta ndevu zilizoloweshwa vizuri, umekwisha. Utupe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko.

Brashi isuuze kwa maji ya vuguvugu hadi maji yatoke bila weupe, ikamue kwa kiganja bila kuizungusha kwa nguvu, pungia, na iache ikauke ikiwa wazi. Usiifungie kwenye kabati ikiwa imelowa.

Sasa maji ya sinki. Kabla ya kuvuta kizibo, zoa povu lenye nywele linaloelea juu kwa kipande cha karatasi na ukitupe kwenye pipa. Nywele nyingi zimenaswa humo. Hakikisha kichujio kipo. Vuta kizibo huku bomba likitoa mkondo mdogo na ukilizungushia maji sinki kwa mkono, ili utando usipate nafasi ya kukaa kwenye kuta wakati maji yanashuka. Futa mara moja sinki likiwa bado limelowa. Utando wa sabuni wa leo hutoka kwa kitambaa. Wa wiki nzima unataka siki, na siki haifai kwenye sinki la marumaru kwa sababu inalila jiwe lenyewe.

Sinki likianza kunywa maji polepole, kosa huwa kwenye kona ya bomba iliyo chini yake, ambako nywele na mabaki ya sabuni hushikana. Usimimine maji yanayochemka kama bomba ni la plastiki, kwa kuwa hulainika na viungo vyake huweza kuvuja. Usichanganye pia siki, au asidi nyingine yoyote, na dawa yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu ndani ya bafu lenye dirisha dogo. Weka ndoo chini ya kona hiyo, fungua nati zake mbili kwa mkono, toa uchafu, suuza kona kwenye ndoo na siyo kwenye sinki ulilolifungua chini, kisha rudisha na ukaze. Mimina kikombe kimoja cha maji ndani ya sinki na upapase viungo kwa kitambaa kikavu: kikitoka kimelowa, kaza robo mzunguko zaidi.